Pipi za vegani: zinazoyeyuka na zinazogoma

Nianze na iliyonishinda kati ya pipi za vegani nilizoonja, yaani zisizo na chochote kitokanacho na mnyama, ili uchungu uishe mapema. Ni karameli laini, vipande vya mraba vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye karatasi inayong'aa, na juu ya pakiti wameandika kwa herufi kubwa kwamba haina hata tone la maziwa. Ukiifungua inanukia vizuri. Ukiiweka ulimini, mwanzoni ni utamu mtupu na chumvi kidogo kwa mbali. Halafu sukari inaondoka, mafuta yanabaki. Yananata kwenye kaakaa, unayasukuma kwa ulimi, hayaendi. Nikanywa maji ya uvuguvugu, wapi! Mpwa wangu, aliyekuwa akinitazama nimefumba macho na midomo, akauliza, "Shangazi, unasali au unaonja?"

Huyu mpwa ndiye msaidizi wangu. Kazi yake ni kutoa pipi kwenye pakiti na kunipangia kwenye sahani, ili nionje kabla sijajua ni ya nani na imetengenezwa kwa nini. Lebo nasoma baadaye. Ukisoma kwanza, ulimi unaanza kutafuta ulichokisoma, na mwisho unaipa alama karatasi badala ya pipi. Masharti mengine ni mawili tu: pipi ikae ulimini bila kutafunwa kwanza, na maji ya kusuuzia yasiwe baridi, maana maji baridi yanagandisha mafuta mdomoni na kuionea pipi iliyokuwa haina kosa.

Mimi mwenyewe si vegani. Maziwa ndiyo yaliyonisukuma kwenye rafu hii: nikinywa glasi moja tu, tumbo linanguruma hadi usiku. Lakini tangu nianze kuzunguka rafu hii nimeona pipi mpya zinaongezeka kila mara, na nimefikia msimamo mmoja ambao nitautetea mpaka mwisho wa makala haya. Pipi nyingi za vegani zinazofeli hazifeli kwa ladha. Ladha siku hizi wanaiweza. Zinafeli kwenye kuyeyuka.

Chukua karameli yetu ile. Karameli ya kawaida inapata ladha yake nzito kutokana na protini za maziwa kukutana na sukari kwenye moto. Ni mmenyuko uleule unaoupa mkate ukoko wa kahawia, aliouelezea mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Ukitoa maziwa ukaweka tui la nazi, unabaki na mafuta mengi na protini kidogo sana, kwa hiyo mtengenezaji anaziba pengo kwa ladha ya kuongeza na chumvi. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni mafuta magumu ya mawese yaliyoongezwa ili kipande kishike umbo lake. Mdomo una joto la nyuzi 37 hivi. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye 34, ndiyo maana chokoleti nzuri inalainika yenyewe ulimini. Mafuta yanayohitaji joto kuzidi la mdomo hayana pa kwenda, yanakaa hapohapo kwenye kaakaa yakisubiri uyakwangue.

Tuhamie kwenye jeli, ambako ndiko vita vyenyewe vilipo.

Jeli za kutafuna za kawaida zinashikiliwa na jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Hata ukiwa huna habari na uvegani, huenda ulishaikwepa kwa sababu za dini. Kama kiungo, jelatini ina sifa moja ambayo mmea haujaweza kuiga: inavutika ukiitafuna, kisha inayeyuka chini kidogo ya joto la mwili. Yaani inapambana na meno, halafu inajisalimisha. Hivyo viwili kwa pamoja ndivyo vinavyomfanya mtu amalize pakiti nzima bila kujua.

Badala yake watengenezaji wana pektini, wana wanga, na wana agari inayotoka kwenye mwani. Pektini hutolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu na makapi ya tufaha. Haiyeyuki ulimini na haivutiki, inakatika. Kwenye sahani yangu kulikuwa na dubu wekundu, yaani jeli za pektini zenye umbo la dubu, na mpwa alipong'ata mmoja akatoa hukumu papo hapo: "Inakatika kama sabuni." Nikamwambia atafune taratibu, asiitafute jeli anayoijua. Akatafuna. Akanyamaza. Akachukua mwingine.

Hapo ndipo penyewe. Pektini haiburuti ladha. Inapokatika inaachia harufu ya tunda yote kwa mkupuo, wakati jelatini inaitoa kidogokidogo. Wale dubu walikuwa na ladha ya rasiberi iliyo wazi kuliko jeli yoyote ya kawaida niliyowahi kula, na hawakubaki kwenye meno. Kosa lao ni kuwa dubu tu. Dubu wa jeli ana historia, tangu Hans Riegel alipomtengeneza wa kwanza kule Bonn, Ujerumani, mwaka 1922, na kila anayemtia mdomoni anasubiri avutike. Pektini ileile ingemwagwa kwenye umbo la kipande cha chungwa, ikanyunyiziwa sukari, hakuna ambaye angelalamika.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini jeli nyingi za vegani ni za matunda makali, sababu imo humohumo kwenye sufuria. Pektini ya aina inayotumika zaidi kwenye pipi haigandi mpaka ipate asidi ya kutosha na sukari inayozidi nusu ya mchanganyiko. Ukitaka jeli ya ladha ya vanila au ya krimu, asidi inakuharibia. Kwa hiyo utakutana na limau, rasiberi, tufaha la kijani, na limau tena.

Jeli kali za umbo la minyoo, zilizopakwa sukari, zilikuwa za wanga. Wanga unatoa mvuto unaokaribia ule wa jelatini, nakubali, na mwanzoni mpwa alidhani nimemchanganyia za kawaida ili kumtega. Lakini wanga hauachii. Nilikuwa bado nautoa kwenye magego muda mrefu baada ya sahani kuoshwa. Asidi ya juu nayo ilikuwa kali mno hivi kwamba ulimi ulikwaruzika kabla sijafika kwenye tunda. Nashuku imewekwa nyingi makusudi ili usipate nafasi ya kuichunguza jeli yenyewe. Ya agari ilikuwa moja, ya umbo la ua, nzuri kuitazama, ikapasuka mdomoni vipande vipande. Agari inahitaji nyuzi 85 hivi ndipo iyeyuke. Mdomo wangu hauna moto huo, hata nikigombana na mtu.

Rangi nazo zina mambo yake. Wekundu wa baadhi ya pipi za kawaida unatokana na karimini, E120 kwenye lebo, ambayo ni wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati. Wanakaushwa na kusagwa, na Peru ndiyo inayoongoza kwa kuwazalisha. Mng'ao unaweza kuwa wa E904, yaani shelaki, utomvu unaotolewa na mdudu mwingine, au wa E901, nta ya nyuki. Sisemi hayo ili kukutapisha. Mdudu hajawahi kuharibu ladha ya pipi. Ila anayehesabu wanyama lazima ahesabu na hawa, na ndiyo maana pipi isiyo na jelatini bado inaweza isiwe ya vegani. Wale dubu wangu walipakwa nta ya karnauba, E903, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi kaskazini mashariki mwa Brazili, na wekundu wao ulikuwa wa karoti nyeusi. Karoti nyeusi ni chaguo la akili: rangi yake inakuwa nyekundu zaidi penye asidi, na asidi tumeshaona ipo tele. Pakiti nyingine ilitumia kiazisukari chekundu, na aisee, nyuma ya stroberi kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Mpwa hakuisikia. Mimi niliisikia kila kipande.

Peremende ngumu nitazipita haraka kwa sababu zimenikera. Sukari, sharubati ya glukosi, asidi, rangi, basi. Nyingi hazijawahi kuwa na mnyama, na sasa zinabandikwa alama ya kijani na kupandishwa kwenye rafu ya mambo mapya kana kwamba kuna aliyekesha maabara. Neno vegani lina umri wa tangu 1944, lilipoanza kutumika Uingereza. Peremende ya limau haikulisubiri. Zina ladha ileile. Kama unazo za zamani nyumbani, geuza pakiti usome, huenda umekuwa ukila vegani miaka yote.

Chokoleti sasa. Hapa nilitegemea aibu kubwa, maana chokoleti ya maziwa inategemea maziwa kwelikweli, tangu Daniel Peter wa Uswisi alipofanikiwa kuvichanganya mwaka 1875. Iliyotumia unga wa mchele badala ya maziwa ilikuwa dhaifu: tamu kupita kiasi, na ikiisha inaacha unga laini ulimini, unausikia ukisugua ulimi kwenye meno ya mbele. Ya oti ilikuwa na heshima zake. Oti zinapochakatwa kwa vimeng'enya, wanga wake hugeuka kuwa sukari ya malti, na ile ladha ya nafaka iliyookwa inakaa vizuri na kakao. Iliyeyuka polepole, bila haraka, ikaisha safi. Ningeinunua tena bila kinyongo.

Lakini iliyoniketisha chini ni ya hazelinati, aina ya njugu za mtini. Haikuwa na maziwa ya kuigiza ya aina yoyote. Ni kakao, sukari, na hazelinati zilizosagwa mpaka zikawa uji wa mafuta. Mafuta ya hazelinati ni laini, yanailegeza siagi ya kakao, na matokeo yake kipande kinaanza kuyeyuka ukiwa bado umekishika vidoleni. Niliacha alama ya kidole gumba juu yake kabla hakijafika mdomoni. Ulimini kililainika kutoka kingoni kuelekea katikati, kikafunguka, na ladha ya hazelinati zilizokaangwa ikaja mwisho na kukaa. Watu wa Torino, Italia, wamekuwa wakichanganya hazelinati na kakao hivyo tangu karne ya 19, wala hawakuwa wakimkwepa ng'ombe. Mpwa alitaka kujua kwa nini hiyo haikuandikwa vegani kwa herufi kubwa kama ile karameli. Alama ilikuwepo, ndogo, nyuma, kwenye kona.

Tahadhari moja kwa wanaoumwa, si kwa walaji wa raha. Pakiti hiyohiyo ilikuwa na mstari unaosema huenda ikawa na chembe za maziwa. Hakuna uongo hapo. Alama ya vegani inahusu viungo vilivyokusudiwa. Mstari ule unahusu mashine zinazotumika pia kwa chokoleti za maziwa. Kwa tumbo langu chembe si kitu. Kwa mwenye mzio wa maziwa, chembe inaweza kumpeleka hospitali, kwa hiyo asiiamini alama ya kijani peke yake. Na kwa wale wanaodhani hizi ni pipi za afya: viungo hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza, na kwenye karibu pakiti zangu zote cha kwanza kilikuwa sukari.

Mashimelo, zile pipi laini za povu, nusura niyasahau, na yenyewe yalikuwa tayari kusahauliwa. Meupe, mepesi, ya protini ya soya na wanga. Yakiwa baridi yanapita: yanabonyea, yanarudi, vanila imekolea. Tukayatia kwenye kijiti tukayachoma juu ya jiko. Ya kawaida yangevimba, yakashika kahawia nje na kuwa ute ndani. Haya yalifanya ngozi ngumu ya kahawia, na ndani yakabaki vilevile kama yalivyotoka kwenye pakiti. Mpwa akayageuza, akayarudisha motoni, akasubiri. Yakaungua kabla ya kuyeyuka.

Ya mwisho kwenye sahani ilikuwa likorisi nyeusi laini, ya unga wa ngano, sukari nyeusi na dondoo la mzizi wa mlikorisi. Hii haiigizi chochote na haina haja ya kuyeyuka. Unga unalowa taratibu, unaitafuna, inakuwa nzito, chungu kidogo, chumvi kidogo, kisha utamu unaochelewa kuondoka. Mpwa aliitema kwenye kiganja, akaitazama, akaenda kusukutua mdomo. Pakiti iliyobaki iko kwenye droo ya meza yangu, na hakuna anayeniomba.