Pilipili mbuzi kwenye ndoo, mwishoni mwa masika

Masika yanakatika, na hapa pwani huu ndio wakati mzuri wa kusia pilipili mbuzi nyumbani. Mche utakaoota sasa unakulia katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, halafu unatoa maua kabla joto la Disemba halijafika. Watu wengi hulaumu jua la mchana maua yanapopukutika, kumbe usiku nao una mkono wake. Usiku ukishapita nyuzi 24 hivi, ua la pilipili hudondoka na kikonyo chake hata kama mti una afya tele.

Mbegu nazitaka za tunda lililoiva hadi likabadilika rangi. Za tunda la kijani nyingi hazioti. Kabla ya kulipasua, paka mikono mafuta ya kupikia, kisha ukimaliza osha kwa sabuni, maana ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na maji matupu hayauondoi. Anika mbegu kivulini wiki moja, usizianike juani. Zifukie nusu sentimita tu.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Mchicha huchomoza ndani ya siku chache, lakini mbuzi huchukua siku 10 hadi 21, na kukiwa na baridi huzidi hapo. Anayefukua siku ya nane kuangalia kama mbegu imeoza ndiye anayeiua. Anayemwagia maji asubuhi na jioni ili iwahi naye huleta kinyausi: mche uliosimama vizuri jana unakutwa umelala, na ukiutazama karibu, shina limenyong'onyea pale linapogusana na udongo, jembamba kama uzi. Huo haufufuki. Punguza maji, panua nafasi kati ya iliyobaki, acha upepo upite.

Mche ukifikisha majani sita, uhamishie kwenye ndoo ya lita 20. Toboa matundu manane chini, kila moja upana wa kidole kidogo, na uipandishe ndoo juu ya vipande vya tofali, vinginevyo sakafu inaziba matundu. Mchanganyiko: mafungu matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza, moja la mchanga, ila usiwe wa ufukweni kwa sababu ya chumvi. Samadi ikiwa bado inanuka mkojo au ina joto ukiishika, haijaiva na itaunguza mizizi.

Kuhusu maji, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Majani yakilegea saa saba mchana na kunyanyuka jioni, mti unajikinga na jua tu. Yakiwa yamelegea saa moja asubuhi na udongo umelowa, kuna shida, na kuongeza maji ni kuimalizia mizizi iliyokwisha kuoza.

Kuna mnyauko mwingine mbaya zaidi, ule wa bakteria. Mti unanyauka ghafla ukiwa bado wa kijani. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Ukiziona, ng'oa mti na utupe udongo wote mbali na bustani. Usiutumie kwa nyanya, biringanya wala viazi mviringo, kwani zote ni jamii moja na zitakufa vilevile. Kisu kioshe kwa jiki kabla ya kugusa mti wa pili. Inauma kutupa ndoo nzima, lakini dawa ya kuuponya mti haipo.

Mbolea iwe kidogo. Nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 kila wiki tatu inatosha ndoo moja, ukiitandaza mbali na shina kisha ukamwagilia. Ukizidisha naitrojeni utapata mti mnene, majani ya kijani kizito, na hakuna pilipili.

Majani yakijikunja, angalia yamekunjwa kuelekea wapi. Yakijikunja juu kama mtumbwi, shuku vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Ncha changa zikijikunja chini, zikawa ngumu na zenye kung'aa rangi ya shaba kwa chini, ni utitiri, nao hauonekani kwa macho. Wengi hudhani ni njaa ya mbolea, wakaongeza. Kata ncha zilizoharibika, kisha nyunyiza salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, jioni. Kama ulinyunyiza mafuta ya mwarobaini, subiri wiki mbili kwanza, maana vikikutana huunguza majani.

Tunda likioza kitako, mara nyingi udongo umekaushwa sana kisha ukamwagiwa kwa pupa, kalsiamu ikashindwa kufika. Weka matandazo ya majani makavu juu ya ndoo.

Vuna kwa mkasi ukiacha kikonyo, maana kuvuta huvunja tawi. La mbegu liache liive kabisa kwenye mti wenye afya, na kama jirani kuna pilipili za aina nyingine, lifunike ua kwa kitambaa chepesi kabla halijafunguka, nyuki wasilichanganye.