Nilisapu analisisi, sasa nahesabu siku za mbu

Matokeo ya mwaka wa pili wa chuo kikuu yalinikuta nyumbani Mlimba, ndiyo kwanza natoka shambani, matope ya mpunga hayajakauka miguuni. Nilikuwa nimefaulu yote isipokuwa analisisi, somo la hisabati linalothibitisha mambo kama vikomo. Nimesapu, yaani natakiwa kurudia mtihani. Mimi niliyemaliza kidato cha sita na A ya Hisabati, ambaye bwenini walikuwa wananijia usiku niwafundishe, nimefeli hisabati. Nilikaa siku tatu sijamwambia mama.

Nilipotulia nikalikumbuka vizuri lile swali lililoniangusha. Darasani tulithibitisha kwamba kila mfululizo wa namba unaopanda, na wenye mpaka kwa juu, lazima uwe na kikomo, yaani namba moja ambayo unaikaribia na kutulia hapo. Uthibitisho ule niliukariri kama shairi. Kwenye mtihani wakauliza kama kila mfululizo wenye mpaka una kikomo. Neno "unaopanda" halikuwepo. Mimi nikamwaga shairi langu lote, kurasa mbili, kuthibitisha jambo ambalo si kweli. Ingetosha kuandika 1, -1, 1, -1 na kuendelea hivyo: haitoki nje ya mpaka wake, na haitulii popote.

Sekondari nilizoea hesabu za kutafuta jibu. Unasoma swali, unakumbuka kanuni, unaingiza namba, unapigia jibu mstari. Chuo kikuu hisabati inabadilika, na naona ni haki mtu aambiwe mapema: kuanzia hapo kazi yenyewe ni kuthibitisha. Unaulizwa kwa nini jambo lazima liwe hivyo, na likitolewa sharti gani linavunjika.

Basi nikanunua kauntabuku mpya. Kila nadharia niliiandika juu ya ukurasa, halafu nikafuta sharti moja na kutafuta mfano wa kuivunja. Nikalirudisha, nikafuta jingine. Siku nyingine nilimaliza nadharia mbili tu, na kuna siku sikumaliza hata moja. Fasili ya kikomo peke yake ilinila siku nne, mpaka nilipoiona kama mabishano ya watu wawili. Mmoja anataja umbali wowote, hata uwe mdogo kiasi gani. Huo ndio epsiloni. Mwingine lazima amjibu: kuanzia hatua fulani, namba zote zitakuwa karibu na kikomo kuliko umbali huo. Akikosa jibu hata mara moja, kikomo hakipo.

Niliporudi chuoni kabla ya sapu, rafiki yangu mmoja alikubali kukaa nami kwenye kimbweta kila jioni. Nikimweleza uthibitisho, alinikataza neno moja tu: "ni wazi". Kila nilipolitamka alinisimamisha, "Dada, wazi kwa nani?" Na mara nyingi pale pale ndipo nilipokuwa sielewi. Sijasahau wema wake. Nilifaulu kwa C, ambayo chuoni kwetu ndiyo ya juu kabisa kwa aliyesapu, na sijawahi kuipenda A yoyote kama nilivyoipenda C ile.

Mwaka wa tatu tukaanza modeli za magonjwa, yaani kueleza kwa hesabu jinsi yanavyoenea, na hapo nikamkuta Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kuwa malaria huenezwa na mbu. Watu walimwambia mbu wote hawawezi kuuawa, kwa hiyo anahangaika bure. Mwaka 1911 akaonyesha kwa hesabu kwamba hakuna haja ya kuwaua wote: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa wenyewe unafifia. Mimi niliyekulia bonde la Kilombero, ambako homa ilikuja na mvua kila mwaka, nilisoma ukurasa ule mara tatu. Swali lake lilikuwa la kauntabuku yangu: ni sharti gani likiondoka, malaria inashindwa kusimama?

Hilo ndilo lililonipeleka Afrika Kusini kwa shahada ya pili, kwenye AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Muizenberg mwaka 2003. Walimu na wanafunzi wanaishi jengo moja, na kila somo ni la wiki tatu. Huko nilijifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, jambo ambalo ningelianza miaka mitatu nyuma kama kuna aliyenishauri. Leo nafanya kazi na watafiti wa malaria. Wenzangu wa darasa lile wametawanyika: mmoja anakokotoa viwango vya bima ya maisha, wawili wako benki, mwingine alishika takwimu za sensa ya 2022. Yule wa kimbweta ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wake wana bahati.

Mwaka jana mama aliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Tulikuwa tunapeta mchele, nikahesabu punje 100 kwenye ungo. Nikamwambia hawa ni mbu waliokunywa damu ya mgonjwa. Vimelea vinahitaji kama siku 10 kukomaa ndani ya mbu. Akifa kabla, hamwambukizi mtu. Kila siku tukaondoa moja katika kila kumi. Siku ya 10 zilibaki 35. Tukaanza upya, safari hii kila siku tunaondoa mbili katika kila kumi, kana kwamba nyumba zimewekwa vyandarua vyenye dawa. Zilibaki 11.

Mama akaziangalia zile punje kwa muda. Kisha akazirudisha zote katikati ya ungo mwenyewe.

"Na tukitoa tatu tatu, mwanangu?"

Tukahesabu. Zilibaki tatu.