Nilivyoiwekea Datsun 240Z usukani wa Nardi: kazi yote iko kwenye bosi

Watu wakiona usukani wa mbao kwenye gari la zamani huangalia mbao. Wanapitisha mkono, wanauliza bei, basi. Mimi siku hizi nikiuona natamani kuchungulia nyuma yake nijue umeshikwa na nini. Kazi niliyoifanya kwenye Datsun 240Z yangu hapa Malindi ilikuwa huko nyuma, kwenye bosi, kile kitovu cha chuma kinachoingia kwenye meno ya nguzo ya usukani. Usukani wenyewe ni bolti sita tu.

Gari nililirithi kwa ami yangu. Kwa asiyelijua, ni la milango miwili, pua ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na usukani hauna pawa. Kwa wazee wa Kenya halihitaji kutambulishwa: ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mwaka ule Mehta na Harry Källström walipofungana pointi hadi ikabidi mshindi aamuliwe kwa kanuni ya kuvunja sare. Nikisimama kutia petroli hakosi mzee wa kunisimulia alivyokaa kando ya barabara akila vumbi lao. Huwa simkatizi, ingawa wengine ukiwapigia hesabu ya umri unaona wakati huo walikuwa bado wananyonya.

Usukani wa asili una ukingo wa plastiki iliyotengenezwa ifanane na mbao. Jua la pwani lilikuwa limeupasua mahali pengi, na nyufa zilikuwa zinauma viganja. Kuna wanaoziba nyufa kama hizo kwa epoksi, wakapiga msasa na kupaka rangi upya, na ni njia nzuri kwa anayetaka gari libaki lilivyotoka kiwandani. Mimi nilitaka mbao ya kweli. Sina utetezi mwingine.

Ukikaa Malindi, vitu vya Kitaliano vitakufikia tu, utake usitake. Mzee mmoja Mtaliano wa Casuarina alikuwa anafunga nyumba arudi kwao, na kati ya vitu alivyokuwa akiviuza kulikuwa na usukani wa Nardi wa milimita 360, mbao iliyokolea rangi, spoku tatu za aluminiamu. Nardi ni jina la Enrico Nardi wa Torino, na sukani zake za mbao zilipamba magari ya michezo ya Ulaya tangu miaka ya 1950. "Chukua yote, rafiki, na hii pia," aliniambia akinisukumia bosi iliyokuja nao. Niliigeuza nikaona ni ya Alfa Romeo. Niliichukua kwa sababu ilikuwa bure, nikijua haitanisaidia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Usukani wa namna hii unaweza kuingia karibu gari lolote, bosi haiwezi. Kila kampuni ya magari ina kipenyo chake cha nguzo, idadi yake ya meno, na mwinamo wake. Meno yakitofautiana kidogo, ama bosi haiingii, ama inaingia ikiwa inacheza, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi. Upande wa pili wa bosi, unakokaa usukani, nako kuna vipimo. Matundu sita ya Nardi yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 74. Ya Momo, kampuni nyingine ya Kitaliano ya sukani, yako kwenye duara la milimita 70. Kwa macho yanafanana kabisa.

Niliagiza bosi ya Datsun kupitia duka moja la spea za Kirinyaga Road, Nairobi, kule tunakokuita Grogan. Niliwaandikia 74. Ikaja kwa basi, imefungwa vizuri, meno ya Datsun sawasawa, matundu ya 70.

Fundi wangu, mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo kabla ya neno jingine lolote, aliitazama akacheka. "Mwanangu, hii si ya kurudisha. Tofauti ya duara ni milimita nne, kwa hivyo kila tundu limepotoka milimita mbili. Tunapitisha drili, tunayafanya yawe marefu kidogo, tunakaza."

"Mzee, hapo nakuomba radhi," nikamwambia. Bolti zenyewe ni za M5, yaani unene wa milimita 5 tu, na vichwa vyake ni vya kuzama, vinakaa ndani ya kikombe kilichochongwa kwenye chuma. Ukilirefusha tundu, kichwa hakina tena pa kukaa; bolti inabaki kushikilia kwa mkazo peke yake, na kila unapokata kona usukani unajaribu kuteleza. Kwenye mlango wa kabati ningekubali.

Basi akanipeleka kwa jamaa yake wa mashine ya kukereza vyuma. Wazo lilikuwa tukate pete ya aluminiamu ikae kati ya bosi na usukani, matundu sita ya 70 upande mmoja na sita ya 74 upande mwingine. Yule mkereza alichora kwa bikari kwenye ubao wa boksi, akasimamisha kalamu. "Haya yatagongana," akasema. Kweli: tundu la 70 na la 74 yakiwa kwenye mstari mmoja, vituo vyake vinapishana milimita mbili tu. Ni lazima uyazungushe, na nafasi nzuri ni katikati, nyuzi 30. Lakini matundu sita yanajirudia kila nyuzi 60, kwa hivyo ukishazungusha 30 usukani utakaa umepinda nyuzi 30 hata uuzungushe vipi. Utaurekebisha kwa kuhamisha bosi kwenye meno ya nguzo. Sawa. Ila nyuma ya bosi kuna vijino vinavyorudisha indiketa baada ya kona, navyo vitahama nyuzi 30 zile zile. Indiketa ya upande mmoja itajizima mapema, ya upande mwingine itachelewa.

Pete hizo zipo, watu wanazitumia, na kwenye gari la mbio lisilojali indiketa hazina tatizo. Kwangu zingeongeza pia unene na kuuleta usukani karibu zaidi na kifua. Nilimlipa mkereza kwa muda wake, nikarudisha bosi Nairobi, nikangoja ile ya 74. Hiyo hesabu ya kwenye boksi ilinifaa kuliko ushauri mwingine wote niliopata.

Kuutoa usukani wa zamani kulihitaji subira kuliko nguvu. Kwanza nilisimamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiangalia mbele kabisa, nikachomoa waya hasi wa betri ili honi isinipigie kelele. Kifuniko cha katikati kikatoka, nati kubwa ikaonekana, na kutu ya chumvi juu yake. Nyumba yangu haiko mbali na bahari, na msimu wa kusi chumvi huingia hata kwenye kufuli za milango. Niliinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, nikaiacha hadi asubuhi.

Kabla ya kugusa chochote nilipiga alama ya rangi nyeupe kwenye ncha ya nguzo na kwenye kitovu cha usukani, zitazamane. Halafu nati: uilegeze, lakini usiitoe. Iache ishikilie mizunguko michache ya uzi wake. Usukani uliokaa miaka hamsini ukiachia huachia ghafla, na usipokuta nati utakuja usoni mwako. Baada ya hapo ni pula, kifaa cha kuvutia usukani utoke. Usukani wa Datsun una matundu mawili yenye uzi kwa ajili hiyo. Unafunga bolti za pula humo, unakaza ile ya katikati taratibu dhidi ya ncha ya nguzo, hadi usikie mlio.

Nyundo iweke mbali. Nimeona vijana wakipiga ncha ya nguzo huku mwingine akivuta usukani kwa magoti. Magari mengi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yana nguzo iliyoundwa ijikunje wakati wa ajali isimchome dereva, na mara nyingi kinachoizuia kujikunja siku za kawaida ni pini laini za plastiki. Nyundo inazikata. Hata kama nguzo yako si ya aina hiyo, beringi zake hazikuumbwa kwa kipigo hicho.

Meno niliyasugua kwa brashi ya waya, nikayafuta. Bosi mpya ina mwili wa aluminiamu, nguzo ni chuma cha kawaida kilichozoea kutu, na kwenye hewa ya chumvi vyuma viwili tofauti vikigusana vinalana. Nilipaka grisi kidogo sana kabla ya kuviunganisha ili siku nikitaka kuitoa nisipigane nayo. Bosi iliingia kwenye alama, vijino vya indiketa vikakaa kwenye nafasi yake, nikarudisha nati na kuikaza kwa spana ya kipimo niliyoazima, kwa kadiri ya kitabu cha gari. Nati hii usiikaze kwa hisia.

Kilichobaki ni honi, na mafundi wengi huidharau. Kwenye gari hili kitufe hakibebi umeme wa honi wenyewe. Kinaunganisha tu waya wa rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, na bodi, yaani chuma cha gari ambacho ndicho upande hasi wa umeme. Nyuma ya bosi kuna pete ya shaba inayoguswa na kipini chenye springi, na kutoka kwenye pete hiyo waya mmoja unapanda hadi kwenye kitufe. Ukibonyeza, waya unakutana na chuma cha bosi, rilei inaamka, honi inalia. Kwa hivyo waya huo ukibanwa au ukichubuka mahali, honi italia yenyewe, na mara nyingi italia unapokata kona upande mmoja tu, ambapo waya unavutika.

Nilichukua testa nikaweka ncha moja kwenye pete ya shaba na nyingine kwenye bosi. Bila kubonyeza, kusiwe na kitu, ukibonyeza, ilie. Haikulia. Bosi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzuri, na rangi haipitishi umeme, kwa hivyo kitufe hakikuwa na pa kupata bodi. Nilikwangua rangi chini ya bolti moja, nikaweka waya mfupi wa bodi hapo. Ikalia. Honi ni lazima kisheria, na kwa barabara ya Malindi yenye tuktuk na bodaboda hata bila sheria ungeitaka.

Bolti sita nilizikaza kwa ufunguo wa Allen wa milimita 3, kwa kuruka moja baada ya nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. Ni bolti ndogo. Ukizikaza kwa hasira utakata uzi wa aluminiamu.

Nililijaribu kwanza uani, usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, nikisikiliza kama kuna kinachokwaruza. Kisha nikatoka kwa barabara ya Lamu, nikavuka daraja la Sabaki hadi Mambrui. Kwenye mstari ulionyooka usukani ulikuwa umelala kushoto kidogo, chini ya jino moja, kwa hivyo kuhamisha bosi kungeupeleka kulia kupita kiasi. Fundi aliurekebisha kwenye tairodi, zile fimbo mbili zinazogeuza magurudumu ya mbele, akifupisha moja na kurefusha nyingine kwa kiasi kile kile, ili magurudumu yabaki na mwelekeo wake. Njia hiyo ni ya upotofu mdogo tu. Ukiwa mkubwa, rudi kwenye meno.

Usukani wa zamani ulipita milimita 380. Kuja 360 ni zaidi ya asilimia 5 ya nguvu ya kuongeza, na kwa gari lisilo na pawa utaijua asilimia hiyo ukiegesha sokoni saa tano mchana. Ukienda kasi huioni. Gari linajibu upesi, na mbao haitelezi mkononi hata ukiwa na jasho. Ukingo wa juu sasa unanikatia sehemu ya geji ya mizunguko ya injini, nikalazimika kurekebisha ninavyokaa. Jua ndilo adui wa vanishi, kwa hivyo nikiegesha nauvika leso. Wake za watu wamenicheka.

Vijana wa Subaru wamekuja kuniomba niwafanyie yao. Hao nawakatalia. Gari langu halina eabegi. Yao ndani ya usukani kuna eabegi yenye baruti inayolipuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ukiitoa umeondoa kitu kilichohesabiwa pamoja na mkanda kumlinda dereva. Kuishika bila ujuzi ni hatari yenyewe.

Baada ya safari chache nilifungua kitufe nikakagua bolti zote pamoja na nati. Hazikuwa zimelegea, na nitazikagua tena kabla ya kwenda Mombasa. Usukani wa asili nimeufunga kwa gazeti na nati yake ya akiba. Bosi ya Alfa bado ninayo. Mwenye Alfa Romeo aje na gari aijaribu kwenye meno. Ikiingia bila kucheza ni yake, bei ni kahawa.