Mama Mkubwa na ile mashine

Binti yangu karudi Jumapili kutoka Lisbon na wenzake wa chuo. Katikati ya habari za vilima na samaki wa kuchoma akapitisha neno kwa haraka: wakati wanaondoka hapa Uingereza, pale uwanja wa ndege aliwaambia wakaguzi hataki kuingia kwenye mashine ya kukagua mwili, wakamwita dada mmoja akampekua kwa mikono. Nikamuuliza kwa nini hakutaka. "Sikujisikia tu," akasema, akaendelea na samaki wake.

Nikaendelea kugeuza chapati, lakini akili ilishatoka jikoni. Ilikuwa Desemba 2012, na ilikuwa na Mama Mkubwa.

Alikuwa ametukalia tangu majira ya joto, na baridi ilipoanza kuuma akasema basi, anaitaka Tanga yake. Nikakata tiketi mbili, nimsindikize mpaka nyumbani. Uwanja wenyewe sitautaja. Kilo zilizozidi, sufuria lililotolewa kwenye begi na kurudishwa na kutolewa tena, hayo nayaruka.

Kwenye ukaguzi mimi nilipitishwa mlango wa kawaida, ule unaolia ukiwa na chuma. Yeye akaonyeshwa kushoto. Kanuni za serikali zilisema mtu hachaguliwi kwa rangi, wala umri, wala jinsia. Sawa. Mbele yetu lilipita kundi zima la vijana waliokuwa wanakwenda kulewa juani, hakuguswa hata mmoja, akachaguliwa bibi mwenye baibui. Nasema nilichokiona tu.

Akasimama.

"Hii ndiyo ile?"

Ndiyo ile. Habari zake alizisikia redioni tangu Krismasi ya 2009, pale kijana wa Nigeria alipojaribu kulipua ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Detroit kwa vilipuzi alivyoficha kwenye chupi. Wiki chache baadaye, Februari 2010, Uingereza ikaanza kuwaingiza abiria kwenye mashine hizo Heathrow na Manchester. Zile za kwanza za Manchester zilikuwa za eksirei, na afisa alikaa chumba cha pembeni akitazama umbo la abiria chini ya nguo zake. Kwa Mama Mkubwa habari ilifika hivyo, na ilivyofika ndivyo ilivyobaki.

"Mwambie huyu binti anipekue kwa mikono," akasema. "Ni mwanamke mwenzangu, sina neno naye. Anipekue mpaka aridhike. Humo siingii."

Nikasema. Binti wa watu hakuwa na jeuri, nampa haki yake. Alitikisa kichwa na kueleza polepole: aliyechaguliwa anaingia kwenye mashine, akikataa hasafiri. Nilijua hakuwa anatishia. Machi 2010 wanawake wawili walikataa pale Manchester, mmoja kwa sababu ya dini na mwingine kwa sababu ya afya, na ndege ya Islamabad iliondoka bila wao.

Lakini nilikuwa nimejisomea, na mtu aliyejisomea hana raha mpaka aseme. Nikamwambia kwamba Novemba 2011 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni: abiria ana haki ya kukataa mashine na kukaguliwa kwa njia nyingine, na za eksirei zisitumike. Akaitwa mkubwa wake. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nchi mwanachama inaruhusiwa kuweka masharti makali zaidi, na Uingereza imeyaweka. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Foleni nyuma yetu ilianza kukohoa.

Mama Mkubwa akanitazama. Kiingereza hajui, lakini uso wangu anausoma tangu sijaota meno. Akavua viatu.

Kwenye sakafu ya ile mashine wamechora nyayo mbili. Akaziangalia, akaweka miguu yake juu yake, mmoja kisha mwingine, kama anayeingia kwenye ngalawa. Akaambiwa ainue mikono. Akainua kidogo. Juu zaidi. Akainua, na mikono ya baibui ikateremka mpaka viwikoni. Bangili zilishaondoka, ziko kwenye trei na viatu. Miaka yote niliyokaa naye nilimwona akiinua mikono hivyo kwa jambo moja tu, takbira ya sala, na hapo huishia masikioni. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilitaka kutazama pembeni, nikaona nikitazama pembeni atakuwa peke yake kabisa mle ndani, basi nikamkazia macho mpaka wakamwambia atoke.

Kumbe mashine hizo mpya hazikuwa na chumba cha pembeni. Kioo kilikuwa pale pale nje, na juu yake kikatuni cha mtu, hakina uso, hakina umri, hakina hata vidole. Kiunoni kina kisanduku cha njano.

"Huyo ndiye mimi?" akauliza.

Ndiye yeye. Na kwa sababu ya kile kisanduku, yule dada akavaa glavu, akatupeleka nyuma ya pazia, akaniomba nimweleze mama kwamba sasa itabidi apekuliwe kwa mikono.

Nikamweleza. Mama Mkubwa akamgeukia yule dada, akanigeukia mimi, akamgeukia tena.

"Si ndicho nilichomwomba tangu mwanzo?"

Hilo nililitafsiri lote, bila kupunguza. Yule dada akawa mwekundu hadi shingoni. "Najua," akasema.

Kilichokuwa kiunoni ni fundo kwenye pindo la kanga: noti za paundi zilizokunjwa na karatasi ya namba za simu. Walimwambia atoe kila kitu mifukoni. Mifuko hana.

Binti yangu aliposikia haya alikasirika, nami nikajikuta nikipoza. Marekani mwaka 2010 abiria walikuwa na haki ya kuchagua mikono badala ya mashine, na mikono hiyo ilipoanza kupita kila mahali watu wakailalamikia kuliko mashine yenyewe. Mimi siku hizi naingia tu kwenye mashine, sipendi kushikwa na nisiyemjua. Mama Mkubwa angechagua mikono hata leo. Nani kati yetu amepoteza kidogo zaidi, sijui.

Tukampigia Tanga, simu ikawekwa spika.

"Shikamoo Bibi. Ni kweli uliwagomea?"

"Marahaba mjukuu wangu. Niliwagomea! Nikawaambia humo siingii, nipekueni kwa mikono. Wakanipekua kwa mikono."

Nikatafuta pa kumsahihisha, sikupaona. Nikamwambia tu kwamba mwaka uliofuata, Novemba 2013, serikali ilibadilisha masharti, anayekataa mashine anapekuliwa faraghani na kusafiri.

"Unaona?" akasema. "Walinisikia."