Picha za Lisbon, Granada na Córdoba, na vile nilivyozionyesha nyumbani

Tangu turudi mimi na dada yangu, kila nikipita Kibokoni, mtaani kwetu hapa Mombasa, swali ni moja tu, picha ziko wapi. Na picha ninazo nyingi sana, simu ilijaa mpaka ikawa haikubali kuchukua nyingine, lakini sikuzimwaga zote kwenye grupu la familia na sitazimwaga, manake nimeona inavyokuwa mtu akirudi safari anatupa picha mia kwa mkupuo, watu wanaweka kimoyo wanapita, hakuna aliyeona kitu. Mi naamini picha za safari zataka mtu akae na watu wake, aonyeshe, aulizwe, ajibu. Basi tukafanya hivo kwa bibi baada ya isha, laptopu ikaungwa na tivii kwa kebo, kahawa chungu ikaletwa na kashata, tukaanza. Hapa naandika zile zilizowashika watu zaidi.

Tulienda Ureno na Uhispania. Wengi wakisikia Ulaya wanataka Paris na ule mnara wake, na ni haki yao, ila sisi tulitaka kule kusini manake kuna habari zinazotuhusu watu wa pwani. Viza ya Schengen ni moja inakutosha nchi zote mbili. Mambo ya makaratasi yake nitayaacha, ni marefu na hayana picha.

Ya kwanza niliyoweka ilikuwa ya mtaa tu, Albaicín kule Granada, nyumba nyeupe zimepanda kilima, ukuta una mwanga wa manjano, watoto wanacheza mpira. Nikauliza hii ni saa ngapi? Wote wakasema alasiri, saa kumi na moja hivi. Nikawaambia ni saa tatu usiku. Bibi akakataa. "Mwanangu, saa tatu usiku jua latoka wapi?" Nikamweleza mwisho wa mwezi wa 6 kule jua lazama mwendo wa saa 3:40 usiku, isha inaingia karibu na saa tano u nusu, na ukilala kidogo alfajiri hii hapa. Sisi huku mwaka mzima magharibi haitoki baina ya saa 12 na dakika kidogo na saa 1 kasorobo, kwa hivo mtu wa Mombasa siku kurefuka namna ile haimuingii akilini mpaka aone. Na Uhispania inazidi kwa sababu ya saa yenyewe, Granada iko magharibi zaidi ya London lakini saa zake wameziweka sawa na za Berlin, basi jua linachelewa mara mbili. Bibi hayo ya Berlin hayakumshughulisha, alichotaka kujua ni sisi isha tulikuwa twasali saa ngapi na kulala saa ngapi. Tulikuwa twalala mchana! Mji mzima unalala mchana kule, maduka yanafungwa kwa ule ukali wa jua, halafu usiku ndio watu wanatoka na watoto wao.

Kwa mpiga picha siku ndefu vile ni neema kubwa. Huku kwetu ule mwanga mzuri wa jioni ukisema uitoe simu mfukoni ushaondoka, jua letu lashuka moja kwa moja. Kule lashuka likienda upande, lakawia, unapata muda wa kutosha kutembea mtaa mzima ukipiga.

Lisbon sasa. Hapa ndipo mjomba wangu alipovuta kiti mbele. Yeye kasomesha historia miaka mingi na nilimuwekea picha ya kaburi la Vasco da Gama, liko ndani ya kanisa la Jerónimos mtaa wa Belém, ukiingia tu upande wa kushoto. Jiwe jeupe limechongwa mtu kalala chali kaunganisha mikono kama anayeomba, na ubavuni kuna jahazi limechongwa. Alikufa India, Cochin, mwaka 1524, na mabaki yake yalihamishiwa pale mwaka 1880. Mjomba akaitazama kimya, halafu akasema, "Ndiye huyu aliyefika hapa mwezi wa nne 1498." Ndiye. Alifika Mombasa hakupokewa vizuri, akaenda Malindi, kule ndiko alikopata msaada na rubani wa kumvusha mpaka India.

Na nataka niseme vile nilivyohisi pale, manake picha haielezi. Lile kanisa na ile nyumba ya watawa ni kazi nzuri sana, mawe yamechongwa kamba za meli na mimea ya baharini mpaka juu darini, utakaa hapo usichoke. Lakini ujenzi wake uliendeshwa kwa ushuru wa biashara ya viungo, ile biashara iliyopatikana kwa kupita kwetu. Walianza kujenga 1501, na 1505 Mreno mwengine, Francisco de Almeida, akaja na meli zake akaupora mji wa Mombasa akauchoma moto. Hayo mambo ni ya miaka ileile. Watalii walikuwa wamepanga foleni ndefu nje juani, na nilisimama mbele ya lile kaburi nikatafuta jina la mji wetu sikuliona. Sikukasirika, nilihuzunika, na ndio maana nilipiga picha nyingi pale kuliko mahali popote pengine Lisbon, ili nyumbani kwetu zitazamwe na watu wanaoijua ile hadithi upande wa pili.

Hatua kidogo kutoka pale kuna Mnara wa Belém, umejengwa kati ya 1514 na 1519 kulinda mdomo wa mto Tagus. Niliuweka kwenye tivii bega kwa bega na picha niliyokuwa nayo kwenye simu ya Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa, na hapo sebule yote ikaanza kuongea kwa pamoja. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, mchoro wake ni wa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Huo mnara una mapambo mengi, una vibaraza na hata kichwa cha kifaru kimechongwa chini ya kijumba cha mlinzi, ukumbusho wa kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Fort Jesus haina mapambo, ni kuta nene za kuhimili mizinga. Mjomba akasema wale walijenga kwao wakijifurahisha, na hapa walijenga wakiogopa. Nafikiri ana haki. Na ile ngome Waomani waliichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, hiyo mjomba hakuiacha ipite bila kuisimulia, kahawa ikapoa.

Chakula nitapita haraka. Pastéis de nata, vile vikeki vyao vya kastadi, ni tamu, mwezi wa 6 Lisbon mitaa yote inanuka sardini za kuchoma, na ile bacalhau yao, samaki wa chumvi mkavu anayening'inizwa madukani, bibi alipoiona akasema hiyo ni ng'onda basi. Picha ya ng'onda ya Wareno ikawa ndiyo aliyoomba irudishwe nyuma aione tena.

Granada ndiko roho yangu iliko mpaka sasa. Tiketi ya Alhambra, ile ngome ya wafalme juu ya kilima, ikateni mapema sana, inaandikwa jina na namba ya pasi, na ile sehemu ya majumba ya Nasrid, wafalme Waislamu waliotawala Granada, unapewa saa yako ya kuingia, ukichelewa umekosa. Ndani hakuna kuwasha flashi na wallahi huihitaji, mwanga unaingia kwa vidirisha vya juu unalainika wenyewe. Kuta zimejaa maandishi, na maneno yanayorudiwa kila pembe ni *wala ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya wafalme wa Nasrid. Bibi alikuwa kajiegemeza kwenye mto wa kiti, nilipoikuza ile picha akakaa wima akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kutoka kwenye tivii. Macho yake hayana nguvu tena lakini yale maneno aliyajua. Akauliza nani ameyaandika na yana miaka mingapi. Nikamwambia ni karne ya 14, zaidi ya miaka mia sita.

Ule Uwanja wa Simba ndani ya Alhambra nilipiga kutoka chini kabisa, nimechutama, ili wale simba 12 wa marmari waonekane wamebeba lile bakuli. Shairi limechongwa kuzunguka bakuli lote, la Ibn Zamrak. Na maji bado yanatiririka! Yaliletwa kwa mfereji unaotoka mto Darro, kilomita kama sita, yakishuka kwa mteremko tu bila mashine yoyote. Nilirekodi video ya sauti ya yale maji, na sebuleni kwa bibi ambako maji ya mfereji huja siku yakitaka, watu walinyamaza wakayasikiliza, halafu shangazi akauliza mafundi wa siku hizi wameshindwa na nini.

Granada ilisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492, na miaka sita baadaye Da Gama yuko mbele ya Mombasa. Sikuwahi kuyaweka haya mawili pamoja mpaka nilipokuwa nimesimama pale. Ukienda Albaicín leo kuna msikiti uliofunguliwa 2003, bustani yake inatazamana na Alhambra uso kwa uso, tuliswali alasiri pale, na ile picha ya dada yangu amekaa kwenye ukuta wa bustani na leso yake mabegani, Alhambra nyuma yake, ndiyo nimeiweka kwenye kioo cha simu yangu.

Córdoba joto lilipita digrii 40. Si joto letu la jasho, ni la kukausha, midomo inapasuka na jasho hulioni. Ule msikiti mkuu wao ulianzwa mwaka 785 hivi, nguzo zaidi ya 850, matao mekundu na meupe yamepandana mawili mawili, na tangu 1236 ni kanisa. Muislamu haruhusiwi kusali ndani. Nilipiga mihrabu kwa mbali, imezungushiwa vyuma, dhahabu na vioo vidogo vya mozeki vinawaka, na hiyo picha nilipoionyesha nilisema tu ni nini kisha nikaiacha ikae kwenye tivii muda mrefu. Hakuna aliyeniambia nisogeze.

Sasa kwa anayetaka kuonyesha picha zake vizuri, naomba anisikize kidogo. Chagua. Mi nilichukua wiki nzima nikifuta na kupunguza mpaka zikabaki zile ambazo nina neno la kusema juu yake. WhatsApp ukituma kawaida inapunguza ubora, ukitaka mtu aipate kamili itume kama dokumenti, lakini ujue hapo inaenda na mahali ilipopigwa, kwa hivo picha za nyumbani kwa mtu usizitume hivo ovyo. Mkiwa bado safarini msiposti mlipo, subirini mrudi. Watu muwaombe ruhusa, na watoto wa watu nawaomba sana msiwaweke hadharani, wale wa mpira Albaicín nimewapiga kwa mgongo. Na wazee muwachapishie. Bibi simu haishiki, nimemtolea picha studio ya mjini kwa karatasi kubwa, anaziweka chini ya mto na kila mgeni akija zinatolewa, nazo zishaanza kukunjika pembe na mi nimefurahi kuliko zingebaki safi kwenye flashi diski.

Kuna moja sijaisema. Lisbon tulikutana na mama mmoja, mtu wa Kisiwa cha Msumbiji, aliiona leso ya dada yangu kwa mbali akaja mbio kutusalimia, tukazungumza nusu Kiswahili nusu ishara, akatupiga picha sote watatu kwa simu yake na yangu. Akasema kwao pia kuna ngome ya Wareno na yeye hajawahi kuiona ya Mombasa, tumpelekee picha. Basi Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali mimi na mjomba tunashuka Fort Jesus, yeye asimulie mimi nipige, kuanzia upande wa bahari, halafu tupite Mji wa Kale tumpigie milango na baraza na wauza kahawa wakikubali. Namba yake ninayo. Picha kumi tu, kila moja na maelezo ya sauti, na mjomba ashaanza kuandika atakayosema.