Faida ya mwaka, tuihesabu vizuri
Ndugu zangu wa Nachingwea na Lindi yote, hela ya ufuta isiwachanganye mnapofunga hesabu za vipande (vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja) na hisa. Mimi Januari nilianza na 4,000,000. Mwanzoni mwa Julai, malipo ya mnada yalipoingia, nikaongeza 1,000,000. Mwisho wa Desemba salio likasoma 5,450,000. Ukiangalia harakaharaka unaona asilimia 36, kumbe milioni moja nimeitia mwenyewe! Faida halisi ni 450,000. Na kwa kuwa ile milioni imefanya kazi nusu mwaka tu, naihesabu kama 500,000. Basi 450,000 gawanya kwa 4,500,000: asilimia 10. Nimefurahi sana, kwa kweli. Gawio la hisa, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, nalo liingizeni kwenye faida, hata kama mmeshalitumia kulipa ada ya watoto.