Fundi wa Kumkabidhi Meza ya Babu

Meza ya kuandikia aliyotuachia babu iliharibika kwa muda usiofika dakika moja. Fundi niliyempelekea, ambaye milango na vitanda vyake vipya havikuwa na dosari, alishika mashine ya msasa akaipitisha juu ya uso wa meza mara tatu. Ile mara ya tatu, vinia ya mkangazi, yaani ule ubao mwembamba uliogundishwa juu ya mbao hafifu, ikaisha pembeni, pakajitokeza doa jeupe la msonobari, pana kama kiganja cha mtoto. Alilifunika kwa rangi ya kahawia, akapiga vanishi nzito meza nzima, akanirudishia iking'aa kama sahani. Sikuwa na la kumlaumu zaidi ya kujilaumu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimemchagua seremala hodari kwa kazi isiyo ya seremala.

Seremala huanza na mbao mbichi, na sifa yake ni kuisawazisha mpaka isibaki alama. Samani ya kale inadai kinyume chake: kwanza mtu ajue ni kipi kisiguswe. Ile rangi iliyokolea kwa mwanga, kwa nta na kwa kushikwashikwa imekaa kwenye tabaka jembamba mno la juu ya mti, na msasa ukishaliondoa, hakuna dawa inayolirudisha ila miaka mingine mingi kama ile iliyopita.

Kwa hiyo nilipokitafutia fundi kiti chenye mikono, kilichokuwa jozi ya meza hiyo, sikuangalia sana picha za kazi zilizokwisha, kwa sababu kila kitu kilichopigwa vanishi leo hupendeza pichani. Niliangalia mtu anavyokagua. Wawili walitaja bei wakiwa bado wamesimama. Wa tatu, mzee wa makamo, alikipindua kiti miguu juu, akanusa chini ya kikalio, akapitisha ukucha kwenye maungio, kisha akalowesha kipande cha pamba kwa spiriti na kukibana upande wa ndani wa mguu wa nyuma, mahali pasipoonekana. Baada ya muda mfupi pamba ilitoka na rangi ya asali, na pale ilipogusa pakawa pananata. "Hii ni shelaki, mwanangu," akaniambia. "Haina haja ya kuchubuliwa yote."

Jaribio hilo dogo ndilo ninalolisubiri sasa kwa kila fundi. Shelaki, ambayo hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand, huyeyuka kwa spiriti. Laka ya selulosi, iliyoenea katika samani za viwandani kuanzia miaka ya 1920, huyeyuka kwa thina. Vanishi ya mafuta iliyokomaa na poliyurethani hustahimili spiriti na si rahisi kuyeyuka hata kwa thina. Anayejua kilichopo juu ya mti anaweza kulainisha tabaka la zamani la shelaki likatandazika upya na kuziba nyufa zake, ilhali asiyejua hana njia nyingine ila kuondoa kila kitu.

Muulize pia anavyotoa vanishi ya zamani. Akikujibu kwamba anaitumbukiza samani nzima katika pipa la magadi makali, mshukuru na uondoke na samani yako. Viungo vya samani nyingi za kale vimeshikwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa maji na joto, kwa hiyo kiti kilichoingia pipani kinaweza kutoka kikiyumba, vinia ikiwa imefumuka, na mti wenye tanini nyingi kama mwaloni ukiwa umesawijika. Kulegea huko, kwa fundi anayejua, ni neema: kiungo hufunguka bila kuvunjika, kikasafishwa na kugundishwa tena kwa gundi ya aina ileile. Ndiyo sababu sipendi kusikia kwamba gundi ya kisasa "ni kali zaidi".

Kuhusu bei nitasema tu kwamba iandikwe, pamoja na kitakachofanywa na kisichofanywa. Muda unafichua zaidi. Shelaki ya kupakwa kwa mkono hutandazwa kwa kitambaa laini kilichofungia pamba ndani yake, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake huachwa ikauke. Anayekuahidi uso wa namna hiyo kesho kutwa atatumia bomba la kunyunyizia.

Nikiwa karakanani mwa yule mzee wa kiti, nilitazama matambara pia. Tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto lenyewe na linaweza kuwaka moto, na yake yalikuwa yametandazwa moja moja kwenye kamba, uani. Aliniuliza pia kama kuna samani nyumbani iliyopakwa rangi ya zamani, kwa kuwa nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu (Marekani iliipiga marufuku katika rangi za nyumbani mwaka 1978) na vumbi lake halifai kuvutwa na mtu yeyote.

Kabla ya kuanza, alinionyesha mikono ya kiti, palipokuwa na weusi uliolala pale kiganja cha babu kilipokuwa kikitulia, akauliza kama ninataka autoe. Nilisema hapana. Kilirudi baada ya wiki tano na weusi wake.

Meza nayo iko kwake. Vinia yake, iliyopasuliwa kwa msumeno, ina unene wa karibu milimita 2, na zinazouzwa sasa ni kama nusu milimita, kwa hiyo kiraka chake kingezama. Anatafuta kipande cha mkangazi wa zamani wenye mshipa unaolingana. Vitatu alivyopata amevikataa, na ameniomba nisubiri.